Risala ya Wanafunzi wa Stadi za Porini kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mlioambatana naye, walimu wetu, ndugu wanachama, mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa kuja kufunga mafunzo yetu, na zaidi kwa kukubali kuketi juu ya gogo. Viti vilikuwepo. Kamati iliamua kuviacha mjini makusudi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni watu wa ghorofani. Kikundi chetu kilizaliwa umeme ulipokatika siku mbili mfululizo, pampu ya maji ikasimama na simu zikazimika moja baada ya nyingine. Tukajikuta tumekaa kwenye ngazi gizani, tukiulizana nani ana kiberiti. Hakuna aliyekuwa nacho.

Siku ya kwanza mwalimu alituuliza: ukipotea porini, unaanza na nini? Karibu sote tulijibu chakula. Akacheka. Mwenye afya njema anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula, lakini bila maji ni siku chache tu. Na akilowa kwenye baridi kali yenye upepo, saa chache zinatosha kummaliza. Kwa hiyo kwanza unaketi na kutuliza akili, kisha unatafuta sitara, halafu maji. Tumbo lisubiri. Usiku wetu wa kwanza nje tulijifunika mablanketi juu, chini tukaacha ardhi tupu, tukatetemeka hadi alfajiri. Ardhi hunyonya joto la mwili. Siku hizi tunaanza kwa kurundika majani makavu ya kulalia.

Somo lililotutoa jasho ni kupekecha moto. Kijiti kinachozungushwa ni ulindi, na kipande cha chini kinachopekechwa ni uwimbombo. Unakata pengo dogo ubavuni mwa tundu ili unga mweusi upate pa kukusanyikia. Ukiacha kupekecha na unga ule ukaendelea kufuka wenyewe, umepata kaa. Hapo ndipo wengi tuliharibu: tulilipulizia kwa pupa likatawanyika. Kaa changa hulazwa kwenye kiota cha nyasi kavu, hupuliziwa polepole. Kwenye video kazi hiyo huchukua dakika moja, malengelenge hayaonyeshwi. Mwalimu alitufariji kwa habari za Ötzi, mtu aliyekufa miaka 5,300 hivi iliyopita na mwili wake kupatikana kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991. Alikuwa na kikasha cha gome la mti, ndani yake mna majani mabichi na chembe za makaa, na wataalamu wanaamini alikuwa akibebea moto humo. Hata mzoefu kama yule, bila shaka, hakupenda kuanza upya kila jioni.

Kuhusu maji, tulifundishwa kutoyaamini macho. Kitambaa huchuja tope, hakiui vijidudu. Maji yachemke kwa nguvu dakika moja nzima, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Pasipo kuni, chupa ya plastiki angavu yenye maji yasiyo na tope huanikwa kwenye jua kali saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili mfululizo.

Mafundo ya kamba, kutafuta mashariki kwa kivuli cha fimbo, na filimbi tatu za kuomba msaada, hayo tumeyamudu bila makelele. Uyoga na matunda ya porini hatukuyagusa, na hatuoni aibu kusema hivyo. Kukisia huko kumeua watu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazikukosekana. Bustani za mjini haziruhusu moto, nasi tunaona ni haki, lakini inatulazimu kusafiri mbali kwa kila zoezi. Wapo pia wenzetu waliokuja kupiga picha na panga kiunoni, wakaondoka kabla ya kuni kuokotwa. Jambo zito zaidi lilitokea usiku wa mvua: mwenzetu aliingiza jiko la mkaa hemani ili apate joto. Tulimtoa akiwa na kichwa kinachogonga na kichefuchefu. Moshi haukuwepo, harufu haikuwepo, ila hewa ya sumu ilikuwepo.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni mkufunzi wa huduma ya kwanza, kabla ya vifaa vyovyote. La pili ni eneo la kudumu ambako moto unaruhusiwa. La tatu ni utuunganishe na wazee ambao bado wanazo stadi hizi mikononi, tujifunze kwao na kuwalipa kama walimu, maana ni walimu.

Mwisho, tunakuomba usogee hapa mbele. Ulindi na uwimbombo viko tayari, sufuria ya maji imeshategwa mafigani. Kiberiti hatukuja nacho.

Tunaomba kuwasilisha.