YAH: Malalamiko kuhusu sola na hita ya maji mliyonifungia, na namna nilivyotendewa kauntani kwenu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Nawasalimu kwa heshima. Namba ya mkataba wangu mnayo, tarehe ya ufungaji mnayo, na ripoti za mafundi wenu waliokuja mara tatu mnazo pia, kama waliziandika. Masharti ya dhamana mliyatunga wenyewe, kwa hiyo sitayanukuu hapa. Naandika kwa sababu nusura nyumba yangu iungue, na kwa sababu ya yaliyonikuta Jumanne kwenye kaunta yenu ya huduma kwa wateja.

Jumanne nilikuja na swichi ya kukatia umeme iliyotoka kwenye boksi la paneli, nimeifunga kwenye kitambaa kwa sababu ilikuwa bado inaacha masizi mikononi. Nilisubiri kwenye foleni kama kila mtu. Nilipofika mbele nikamwamkia kijana wenu, nikakifungua kitambaa juu ya kaunta. Hakuigusa. Aliinua pindo la kitambaa kwa ncha ya kalamu, akachungulia, akasema: "Stika imekatwa. Dhamana imeisha. Anayefuata." Hakuniuliza jina. Hakuniuliza kama kuna mtu aliyeumia.

Sasa nieleze ile stika ilikatwaje.

Jumatatu, saa saba mchana, jua la utosi, mama yangu mzazi mwenye miaka 78 aliniita akisema anasikia harufu ya plastiki. Nilikuta moshi mwembamba ukitoka kwenye boksi lenu jeupe lililo ukutani chini ya paa, na ukuta juu yake umeshaanza kuwa wa kahawia. Nilipiga namba yenu ya dharura. Haikupokelewa. Siku hiyo nilipiga mara kumi na moja, na simu yangu ina kumbukumbu ya kila moja, saa na dakika. Kijana wa jirani yangu, ambaye ni fundi umeme, ndiye aliyekuja mbio. Hakukimbilia kulifungua boksi. Alipanda juu kwanza na turubai, akazifunika paneli zote nne, kwa sababu paneli haina mahali pa kuizima wakati kuna mwanga. Madhali jua linaipiga, inatoa umeme. Alipohakikisha umeme umekufa ndipo akashuka, akakata stika yenu, akafungua boksi. Ndani swichi ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, kishikio chake kimejikunja kama nta.

Akanionyesha maandishi yaliyobaki upande usioungua. Swichi ile ni ya AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo mara kwa mara kama ule wa gridi. Mliifunga kwenye umeme wa DC, ule unaokwenda upande mmoja tu, unaotoka kwenye paneli nne zilizounganishwa mfululizo. Ninyi ni kampuni ya sola, na jambo hili mnalijua kabla yangu: umeme wa AC wa mizunguko 50 kwa sekunde hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, ndiyo maana cheche inayoruka swichi inapokatika huzimika yenyewe. DC haipiti kwenye sifuri. Cheche ikishashika inaendelea kuwaka na kuyeyusha kila kilicho karibu. Swichi za DC zipo madukani, zimeandikwa wazi, na mafundi wenu walipita wakachukua nyingine. Juu ya boksi hilo hilo ndipo mlipobandika karatasi isemayo tusiguse.

Kwa hiyo kijana wenu aliposema stika imekatwa, nilimuuliza kwa adabu: tungeacha iungue? Akajibu, "Mngetupigia simu." Nikamwambia nimepiga mara kumi na moja, nikatoa simu nimwonyeshe. Hapo ndipo alipokisukuma kitambaa changu kwa kalamu ile ile ili apate nafasi ya kuweka faili la mteja mwingine.

Lakini tatizo halikuanzia kwenye swichi. Kwa miezi mitano taa za nyumba yangu zimekuwa zikizimika usiku. Mwanzoni ilikuwa saa tatu, siku hizi hata saa mbili haifiki. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, inalia mara mbili tatu, kisha giza. Mama yangu huamka usiku, na miezi hii yote amekuwa akipapasa ukuta kwenda msalani. Kila nilipowapigia niliambiwa neno lile lile: punguzeni matumizi. Tukapunguza. Nikachomoa friji. Watoto wakasomea taa moja, wote watatu, wakisogezana kwenye meza moja. Fundi wenu wa pili alikuja, akatazama dari, akasema taa ni nyingi.

Taa zangu ni sita za LED, wati 9 kila moja. Zikiwaka zote ni wati 54. Koili, yaani waya wa kupashia maji kwa umeme ulio ndani ya tangi lenu la maji moto, ni wati 1500, yaani karibu mara 28 ya taa zote za nyumba. Wiki tatu kabla ya moto huu, kijana wa jirani alikuja jioni na kile kipimo cha kubana kwenye waya. Akakibana kwenye waya mnene unaotoka kwenye betri. Kikasoma ampea 68. Akaniambia nizime taa zote. Nikazima, kikashuka hadi 66. Kisha akashusha swichi ya hita ya maji, na namba ikaanguka karibu na sifuri. Tulikuwa tumesimama gizani na tochi ya simu, na mimi nikakumbuka friji niliyoichomoa bure na macho ya wanangu.

Mmeunganisha koili ya maji kwenye inveta. Mchoro wenu wenyewe, mliousaini na kuupiga muhuri, unaonyesha koili iko kwenye laini ya gridi, kwa ajili ya siku za mvua tu. Jua ndilo lilipaswa kupasha maji kupitia mirija, na linayapasha vizuri sana. Siku ya jua kali maji yanatoka moto kiasi kwamba inabidi kuchanganya. Lakini jioni tukishaoga, maji baridi yanaingia tangini, joto linashuka chini ya nyuzi 60 alizoziweka fundi wenu, na koili inaanza kunyonya betri saa ile ile ambayo jua limezama. Betri zenu ni mbili, volti 12, ampea-saa 200 kila moja. Kwenye karatasi ni kilowati-saa 4.8, na kwa kuwa ni za risasi na asidi, nusu tu ndiyo salama kutumia kila siku kama unataka zidumu. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kunahitaji zaidi ya kilowati-saa 9. Hesabu hii haihitaji mhandisi. Kwa miezi mitano betri zangu zimekaushwa kila usiku, na betri za aina hii zikikaushwa hivyo salfeti huganda kwenye sahani zake na hazirudi tena. Ndiyo sababu ya ile saa tatu kuwa saa mbili. Hakuna taa iliyoongezeka nyumbani kwangu.

Naomba nitende haki hapa. Siwalaumu kwa kila kitu. Najua paneli iliyoandikwa wati 400 hupimwa ikiwa na nyuzi 25, na juu ya bati la mchana inapanda mbali zaidi ya hapo na kupoteza sehemu ya nguvu yake. Najua siku ya mawingu ni siku ya mawingu. Kama mngeniambia mfumo wangu unatoa pungufu kidogo ya ule uliotangazwa, nisingeandika barua. Na hita yenyewe naisifu: mama yangu ana maumivu ya viungo, na asubuhi anapoyafungulia yale maji na kuweka viganja vyake chini ya bomba, huwa nasema tulifanya jambo jema kuingia kwenye sola. Ndiyo maana naumia.

Na kuna jambo la siku ya kwanza ambalo nilitaka kulisahau, lakini kijana wenu amenikumbusha. Mafundi waliweka mirija ya vioo juani tangu saa tatu asubuhi, wakaenda zao. Wakarudi saa sita mchana, mirija ikiwa mitupu na ya moto kama jiko, wakafungulia maji baridi. Mirija miwili ikapasuka hapo hapo, nikisikia mimi mwenyewe nikiwa chini. Kitabu chenu cha maelekezo kinasema mirija ijazwe asubuhi au ifunikwe. Mimi nililipishwa mirija hiyo miwili. Risiti ninayo. Sikusema neno siku ile kwa sababu nilitaka kazi iishe kwa amani.

Siku hiyo hiyo nilimuuliza kiongozi wa mafundi kwa nini tangi la hita linawekwa upande wa magharibi, jirani kabisa na paneli. Akasema bomba litakuwa fupi. Matokeo yake, kuanzia saa nane mchana kivuli cha tangi kinaangukia paneli ya mwisho, na kwa kuwa zimeungwa mfululizo, moja ikizibwa nguvu ya mfululizo mzima inashuka. Nimekaa juani na saa mkononi nikikitazama kivuli hicho kikitambaa. Kufika saa tisa na nusu kimeshameza paneli nzima. Kwa kuokoa mita chache za bomba, mmeninyima sehemu ya umeme wa alasiri kila siku ya jua.

Narudi kwenye Jumanne, kwa sababu bado sijalimaliza na halijaniisha moyoni.

Alipokisukuma kitambaa, kilianguka. Swichi ikaruka, kipande cha plastiki iliyoungua kikaserereka chini ya viti vya wateja. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Niliinama kukitafuta sakafuni, na nikiwa nimeinama hivyo nilimsikia juu ya kichwa changu akimkaribisha mteja mwingine kwa sauti nzuri, sauti ambayo hakunipa mimi, akimweleza habari za mfumo wenu wa paneli nne na hita ya lita 200. Mfumo ule ule. Mwenzake aliyekaa meza ya pili alicheka. Aliyenisaidia kuokota ni mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, simjui, akaniuliza polepole, "Hiki kimeungua nyumbani kwako?" Nikasema ndiyo. Akakitazama, akanirudishia, akatoka nje bila kununua kitu. Mtu wa foleni aliniuliza swali ambalo kampuni yenu haijaniuliza hadi leo. Nilisimama, nikamwomba kijana wenu jina la msimamizi wake. Alisema, bila kuinua macho, "Mama, andika barua."

Basi nimeandika.

Ninachotaka ni mambo matatu: koili iondolewe kwenye inveta na kurudishwa kwenye laini ya gridi kama mchoro unavyosema, tangi lihamishwe mahali ambapo halitazitia paneli kivuli, na swichi za DC zinazostahili zifungwe upande wa paneli na upande wa betri, na mtu mwenye leseni azikague mbele yangu. Nawapa siku 14.

Betri mbili mpya pia, kwa sababu hizi mmeziua ninyi. Na fedha za mirija miwili. Na gharama ya kupaka upya ukuta ulioungua. Nilipoanza kuandika sikukusudia kuyadai haya, lakini kadiri ninavyoyapanga ndivyo ninavyoona nimekuwa nikiwabebea hasara yenu kwa miezi mitano.

Kuhusu dhamana, sitaki kusikia tena habari ya stika. Boksi linatoa moshi, namba ya dharura haipokelewi, mama yangu yuko ndani: hakuna kifungu chochote mlichokiandika kinachomtaka mteja akae akitazama. Kama kipo, nionyesheni kwa maandishi, chenye saini ya Mkurugenzi, nami nitakipeleka kwa mwanasheria wangu jinsi kilivyo.

Kijana wa kauntani nataka aniombe radhi kwa maandishi, na msimamizi wake pia. Simtakii afukuzwe kazi. Huenda ndivyo alivyofundishwa, na hilo ni baya zaidi. Lakini ajue kwamba kile alichokiinua kwa kalamu ndicho kilichokuwa kinawaka mita chache kutoka kitanda cha mama yangu.

Nimeisoma barua hii tena kabla ya kuituma, na nabadilisha muda. Siku 14 ni nyingi kwa nyumba yenye watoto wanaosomea mishumaa, maana tangu Jumatatu paneli zimefunikwa turubai na hatuna sola kabisa. Nawapa siku 7 tangu mtakapoipokea. Siku ya nane sitataka tena marekebisho: nitataka mje mng'oe kila kitu, paneli, inveta, betri na hita, mrudishe paa langu kama mlivyolikuta, na mnirejeshee fedha zote nilizolipa, pamoja na za mirija. Mkikataa, nitapeleka malalamiko kwenye mamlaka inayolinda haki za walaji na ile inayosimamia mafundi umeme, kisha mahakamani. Picha za boksi, ukuta, usomaji wa ampea 68 na kivuli kikiwa juu ya paneli nimeambatanisha hapa, pamoja na orodha ya simu kumi na moja, nakala ya mchoro wenu na risiti ya mirija. Swichi yenyewe siileti tena kwenu. Imewekwa mahali salama na ataiona mkaguzi.

Fundi mtakayemtuma apige simu kwanza. Mimi nitapokea.

Wasalaam,

Mteja wenu