Wale "watalii" wenye darubini

Shoga yangu Zuhura,

Salamu sana. Barua yako imenifika, na nilicheka kwanza kabla sijanuna. Unasema tanka limelala ubavu, mafuta yanatiririka barabarani, zimamoto wakaja na ving'ora vyao vyote, halafu wakasimama kule mbali na darubini "kama watalii". Watu wakawazomea, na wewe ukiwemo. Basi ngoja niwajibie wale watalii, maana na mimi ningesimama palepale.

Nyumba ikiungua tunafunzwa kuwahi kuingia. Kwenye kemikali tunafunzwa kusimama, na hilo ndilo somo gumu kuliko yote, kwa sababu askari wa zimamoto mwili wake umeshazoea kukimbilia moto. Mazoezi yenyewe huanza bila tone la maji. Mkufunzi anatuonyesha picha ya lori lililopinduka, anauliza upepo unatoka wapi, ardhi imeinamia wapi, mtaro unamwaga wapi. Atakayekurupuka kutaja mpira wa maji anaambiwa, "Wewe umeshakufa, kakae pembeni." Ukipita utakuta mijitu mizima imekaa pembeni imekunja sura.

Darubini ile ilikuwa inasoma bango la rangi ya chungwa lililo kwenye tanka. Lina namba juu na namba chini. Ya juu inasema hatari ni ya aina gani, ya chini inataja mzigo wenyewe. Ukiona 33 juu na 1203 chini, hiyo ni petroli. 1005 ni amonia, 1017 ni klorini. Namba ya juu ikianza na herufi X, weka maji mbali kabisa, kwani mzigo huo ukikutana na maji unaleta balaa jingine. Namba ikishajulikana tunafungua kitabu cha mwongozo. Kipo kimoja kinachotolewa na Marekani, Kanada na Mexico, hurekebishwa kila baada ya miaka minne, na toleo la 2024 ndilo la karibuni. Kwa petroli iliyomwagika kinasema watu waondolewe angalau mita 50 pande zote. Tangi lenyewe likiwa linawaka, ni mita 800. Sasa jiulize ninyi mliokuwa mnazomea mlikuwa mita ngapi.

Usidhani mita hizo zimetungwa na waoga. Kingman, Arizona, mwaka 1973, behewa la gesi ya propani lilishika moto, na wazima moto wakawa karibu nalo wakijiandaa kulipoza kwa maji. Likalipuka. Wazima moto 11 walikufa.

Lakini kazi kubwa, Zuhura, hufanyika siku ambayo hakuna king'ora. Tunazunguka kwenye viwanda, maghala, vyumba baridi na mitambo ya kusafisha maji, tunauliza maswali yanayowachosha wenyeji wetu. Mnaweka nini? Kiasi gani? Koki ya kufungia iko wapi, na nani anayo funguo usiku? Asidi na klorini ya unga mbona ziko rafu moja, wakati zikichanganyika zinatoa gesi ya sumu? Majibu tunayachora kwenye ramani, inakaa ndani ya gari. Kinachoniudhi mimi ni karatasi kusema hivi na ghala kusema vile, kwa kuwa mzigo umehamishwa na hakuna aliyeona haja ya kututaarifu. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, kikosi cha watu 10 kilitumwa kwenye moto wa ghala bandarini bila kuambiwa kwamba ndani mna tani 2,750 za amonia naitreti, kemikali inayoweza kulipuka, nayo ikalipuka. Hakurudi hata mmoja. Ndiyo maana mlinzi akitujibu "humo mna vitu vya kawaida tu", hatuondoki.

Vipimo vya gesi navyo vina ibada yake. Kila zamu inavijaribu kwa gesi maalumu kuona kama bado vinalia. Pua haiaminiki hata kidogo. Kuna gesi inayonuka yai viza, haidrojeni salfaidi, ambayo ikizidi huua kwanza uwezo wa kunusa. Mtu anasema, "Harufu imeisha," anasogea, na kumbe ndipo ilipo kali zaidi.

Uliniuliza pia kuhusu yale mavazi ya plastiki. Kwanza unapimwa presha na mapigo ya moyo. Zikiwa juu, huvai, hata uwe nani. Unakalishwa kwenye stuli kwa sababu peke yako huwezi. Unabebeshwa mtungi wa hewa, barakoa inakazwa, kisha wenzako wanakufunika na vazi zima, na zipu ikifungwa unabaki umefungiwa na joto lako. Kioo kinaingia mvuke, jasho linakusanyika ndani ya buti, glavu zimepandana hata kukamata spana ni kazi. Ukitaka kuangalia geji ya hewa unauchomoa mkono kutoka kwenye mkono wa vazi, ukiwa humohumo ndani, na kuupapasisha kifuani. Simu ya upepo mara nyingi haisikiki vizuri, kwa hiyo tuna ishara: mikono juu ya kichwa maana yake nahitaji msaada; mkono shingoni, hewa imekwisha. Mnaingia wawili, na wawili wengine wanabaki nje wamevaa tayari kuwafuata. Mtungi ulioandikiwa nusu saa, kwa pumzi za mtu anayefanya kazi, haufiki nusu saa. Tena humo umetoa muda wa kwenda, wa kurudi, na wa kuoshwa.

Kuoshwa ndiko watu wasikokuona. Hakuna anayeingia kabla sehemu ya kuoshea haijasimama: beseni, maji, brashi, mifuko ya taka, na mtu wa kukuvua bila wewe kugusa sehemu ya nje. Hospitali nazo tunafanya nazo mazoezi, maana mgonjwa mmoja aliyelowa sumu akipitishwa moja kwa moja wodini, anaweza kuwafungia huduma. Hapo huwa tunabishana sana nani aoshe nani, na wapi. Bora ugomvi huo uwe kwenye mazoezi.

Sasa nina ombi. Wewe ndiye mwenye funguo za stoo huko kazini, na umeniambia mtambo wenu wa baridi unatumia amonia. Wenzangu wakija kukagua, usiwakalishe ofisini na soda. Wazungushe hadi nyuma, waonyeshe koki, wape namba ya fundi anayepatikana usiku, na wakiuliza kiasi, wasomee kilichopo leo, si cha mwaka jana. Na upepo kwenu huvuma kuelekea wapi jioni? Nijibu hilo utakapoandika, nami nitakwambia mkutane upande gani wa ukuta siku kengele ikilia.

Wasalimie watoto.

Wako,
Rehema