Wachupaji wadogo wasiharakishwe

Mhariri,

Kila Olimpiki inapofika, kurasa za michezo hujaa picha za wachupaji, yaani wanaoruka kutoka juu kuingia majini, wakiwa wamejikunja hewani, na habari zenyewe huishia kwenye medali na idadi ya vichwangomba. Mzazi akishazisoma, anataka mwanawe wa miaka 10 naye apige vitatu. Naomba nafasi nieleze kwa nini haraka hiyo huwakatisha wengi safari yao mapema, hasa kwenye ubao wa mita 3, yaani ulio mita 3 juu ya maji.

Ubao huo ni wa aluminiamu, urefu wake karibu mita 4.9 na upana nusu mita. Chini yake kuna gurudumu la mhimili ambalo mchupaji hulisogeza kwa mguu. Likirudishwa nyuma, ubao hunepa zaidi na kurudi polepole. Likiletwa mbele, ubao hukaza na kurudi haraka. Mtoto mwepesi akilirudisha nyuma kwa kuwaiga wakubwa, hunyoosha magoti wakati ubao ungali unashuka, na kimo chote kinapotea.

Kazi kubwa iko kwenye kuondoka. Ni hatua tatu au nne, kisha goti moja linainuliwa na mwili unapaa, kisha miguu yote miwili inatua kwenye ncha ya ubao. Mikono huteremka pamoja na mwili, halafu hupanda wakati ubao unabonyea. Ikichelewa, ubao humrusha mtoto mikono ikiwa bado mapajani, naye huinama mbele kutafuta mzunguko. Ukiona mchupaji anaangukia mbali na chini, usimlaumu kwa jinsi alivyojikunja. Tazama mikono yake alipotua kwenye ubao.

Miruko imegawanywa katika makundi. Katika kundi la kwanza, la kuchupa kuelekea mbele, kosa hilo humgharimu alama tu. Kundi la tatu ni jambo jingine: mchupaji anaondoka akitazama maji, lakini mwili unazunguka kuurudia ubao. Akivuta kichwa na mabega nyuma kabla ubao haujamaliza kumrusha, hubaki juu ya ubao. Hilo ndilo lililompata Mmarekani Greg Louganis katika raundi ya mchujo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988: kichwa kiligonga ubao. Alishonwa, akarudi, akatwaa dhahabu. Wakati huo alikuwa tayari bingwa wa Olimpiki. Mtoto ambaye bado hajui kuusubiri ubao hana sababu ya kuwa kwenye kundi la tatu. Aanzie kwenye trampolini akiwa amefungwa mkanda wa kamba, aje kwenye ubao wa nchi kavu wenye shimo la sponji, kisha mita 1, ndipo apande mita 3.

Wanaoharakisha husema kwamba ugumu ndio unaoleta alama. Tupige hesabu. Majaji saba wanatoa alama, mbili za juu na mbili za chini zinaondolewa, tatu zilizobaki zinajumlishwa na kuzidishwa kwa kiwango cha ugumu, yaani namba iliyopangiwa mruko huo. Kwenye mita 3, vichwangomba viwili na nusu vya mbele, kiuno kimekunjwa na miguu imenyooka, vina ugumu wa 2.4. Ukipata 8.5 mara tatu, una 61.20. Vitatu na nusu kwa mkao huohuo ni 3.1, ukiingia majini umepinda na kupewa 5.5 mara tatu, una 51.15. Aliyesubiri amempita mwenzake kwa alama kumi.

Ubao pia humlipa anayekomaa. Mchina Fu Mingxia alipata dhahabu ya Olimpiki ya jukwaa la mita 10, ambalo halinepi, akiwa na miaka 13, mwaka 1992, lakini mita 3 aliishinda mwaka 1996 na tena 2000. Mchina mwenzake Wu Minxia alikuwa na miaka 30 alipochukua dhahabu yake ya mwisho, 2016, katika mita 3 ya wawili wawili. Kuusoma ubao na kuukandamiza kwa miguu yenye nguvu ni ujuzi unaojengeka kwa miaka.

Miaka hiyo inahitaji mwili mzima. Mchupaji huingia majini kwa kasi ya zaidi ya kilomita 30 kwa saa, viganja vikiwa bapa, mkono mmoja umeushika mwingine. Viwiko vikilegea, kishindo chote huhamia mabegani. Kifundo cha mkono huumia kwa kurudiarudia, na mgongo wa chini huumia kwa anayeupinda ili kuokoa mzunguko uliopitiliza. Macho nayo yapimwe kila mwaka, kwa kuwa retina, utando wa nyuma ya jicho, inaweza kuachia.

Ombi langu kwa dawati lenu la michezo ni dogo: mnapochapisha matokeo, wekeni kiwango cha ugumu kando ya alama za majaji kwa kila mruko, ili mzazi aone mwenyewe ushindi ulipatikana wapi.

Kocha wa kuchupa