Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuombe Wapi Kibali cha Pronghoni 2026

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, na mabadiliko ya kamati anayo katibu. Mimi taarifa hii naitumia karibu yote kwa jambo moja lililotawala vikao vyetu mwaka 2025: kibali cha kuwinda pronghoni, mnyama wa nyika za Marekani anayefanana na swala, kiombwe jimbo gani, na ndani ya jimbo hilo, kitalu kipi. Maombi ya 2026 yanaanza Arizona mwezi Februari. Colorado hufunga mwanzoni mwa Aprili, na kwa miaka ya karibuni Wyoming na Montana zimekuwa zikifunga mwanzoni mwa Juni. Tarehe kamili ihakikishwe kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo husika, maana maombi yaliyochelewa hayapokelewi.

Msimamo wa kamati ni kwamba mwombaji aanze na ardhi atakayoweza kuikanyaga kihalali, halafu ndipo aangalie uwezekano wa kupata kibali. Wengi hufanya kinyume. Hufungua jedwali la droo, yaani bahati nasibu ya kugawa vibali, wakakuta kitalu ambacho kila mwombaji alipata, wakaomba hapo kwa furaha. Oktoba wanafika na kukuta pronghoni wamejaa upande wa pili wa uzio, na uzio huo ni wa ranchi ya mtu.

Kaskazini-mashariki mwa Wyoming, kuanzia Gillette kushuka hadi Douglas, ndiko hali hiyo inakoonekana zaidi. Wanyama ni wengi, leseni ni nyingi, na vitalu vingi hupatikana kwa pointi chache (pointi ni alama ambazo mwombaji hujikusanyia mwaka hadi mwaka) au bila pointi. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi, na kuwinda katika ardhi hiyo kunahitaji ruhusa ya mwenyewe hata kama hakuna kibao. Wenye ranchi wengi hutoza ada ya kuingia, ya dume ikiwa juu kuliko ya jike. Nyanda kame za kusini ya kati, Red Desert na maeneo yanayoizunguka, ni kinyume chake: ardhi ya umma ni pana mno, leseni ni chache, na pointi zinazohitajika ni nyingi. Kwa mwanachama mwenye pointi chache na asiye na fedha za ada ya ranchi, vitalu vinavyomfaa ni vile mchanganyiko, vyenye vipande vya ardhi ya umma vinavyofikiwa kwa barabara, pamoja na mashamba ambayo idara imekubaliana na wenyewe yawe wazi kwa wawindaji. Baadhi ya mashamba hayo huingiwa kwa miguu tu. Mengine yanataka kibali cha bure kinachoombwa mtandaoni, na yapo yanayotoa nafasi chache zinazokwisha mapema. Kijitabu cha maombi cha Wyoming huweka alama kwenye vitalu ambavyo ardhi yake ya umma ni ngumu kufikiwa. Alama hiyo ipewe uzito kuliko asilimia yoyote ya droo.

Ramani nayo ina namna yake ya kusomwa. Fungua programu inayoonyesha umiliki wa ardhi, onX au nyingine ya aina hiyo, kisha fuata barabara za kaunti kwanza, si rangi. Kipande kikubwa cha ardhi ya serikali kuu kisichoguswa na barabara ya umma ni sawa na kuwa hakipo. Kando ya reli ya Union Pacific kusini mwa Wyoming, ardhi imegawanywa mraba kwa mraba, mmoja wa umma na wa pili wa binafsi, kama ubao wa dama. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya Mzunguko wa 10 iliamua kwamba mtu anaweza kuvuka penye pembe, pale miraba inapokutana, kutoka mraba wa umma hadi mraba wa umma, iwapo hakanyagi ardhi ya mtu. Uamuzi huo unahusu Wyoming, Colorado, New Mexico na Utah. Montana haimo, na idara yake inaendelea kusema kuvuka pembe ni marufuku. Hata pale panaporuhusiwa, pembe lazima ijulikane kwa uhakika. GPS ya simu huweza kukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo tafuta alama ya upimaji iliyopigwa ardhini, na kama huioni, usivuke. Pakua ramani mapema, kwa kuwa mtandao huko ni wa kubahatisha. Angalia pia udongo: maeneo ya mfinyanzi ya mashariki mwa Montana na Wyoming yakinyeshewa, hata gari la magurudumu manne hukwama. Kitalu chenye njia moja tu ya udongo kinaweza kukufungia nje siku mbili nzima za msimu.

Sasa droo yenyewe. Wyoming huwatengea wasio wakazi asilimia 20 ya leseni za pronghoni. Fungu hilo hugawanywa: asilimia 60 kwa bei ya kawaida, asilimia 40 kwa bei maalumu. Kwa viwango vya 2025, bei ya kawaida ni dola 326 na ile maalumu ni dola 1,200, juu yake ada ya maombi dola 15. Ndani ya kila fungu, asilimia 75 huenda kwa wenye pointi nyingi na 25 kwa bahati tupu. Tuseme kitalu kina leseni 100 za wasio wakazi: 60 ni za kawaida, na katika hizo 45 ni za pointi na 15 za bahati. Lakini kitalu chenye leseni nne tu za wasio wakazi, fungu la bahati linaweza kubaki bila hata leseni moja. Hapo ndipo wengi huharibu chaguo la kwanza, yaani kitalu wanachokitaja kwanza kwenye maombi, mwaka baada ya mwaka, wakidhani wanajaribu bahati ambayo haipo. Kabla ya kulipia bei maalumu, linganisha majedwali mawili ya kitalu hichohicho. Tangu bei hiyo ilipopanda 2024, tofauti kati ya foleni hizo mbili haifanani kila mahali.

Pointi ya mwaka ni dola 31, nayo hununuliwa kuanzia Julai hadi karibu na mwanzo wa Novemba. Ukikaa miaka miwili mfululizo bila kuomba wala kununua, zote hufutwa. Ukishinda chaguo la kwanza, pointi zinaisha. Ukipata la pili, zinabaki. Kwa hiyo chaguo la kwanza liwe la kitalu unachokitaka kweli, na la pili liwe la kitalu ambacho leseni zake hubaki. Kundi la watu hadi sita huomba pamoja, na pointi zao hupigwa wastani. Mwenye 6 akiungana na wawili wasio na kitu, wote watatu wanahesabiwa kuwa na 2, na wakishinda, sita za yule mmoja zimekwenda. Afanye hivyo kwa hiari yake, akijua. Kumbukeni vilevile kwamba fedha zote hulipwa wakati wa kuomba, na asiyepata hurudishiwa isipokuwa ada ya maombi.

Kwa wanachama wapya, kamati inapendekeza leseni ya jike au mtoto, dola 34 kwa asiye mkazi wa Wyoming. Ranchi hukubali kwa urahisi zaidi mwindaji wa majike, nyama ni ileile nzuri, na mtu anajifunza kukadiria umbali katika nyika isiyo na mti bila kuunguza pointi zake.

Jambo linalosahaulika ni hali ya kundi la wanyama lenyewe. Kipupwe cha 2022 kuingia 2023 kiliua pronghoni wengi mno kusini na magharibi mwa Wyoming na kaskazini-magharibi mwa Colorado. Karibu na Pinedale kulizuka pia homa ya mapafu ya bakteria Mycoplasma bovis. Leseni zilipunguzwa kwa maelfu. Watoto ndio hufa wa kwanza, na majike waliodhoofika huzaa vibaya. Madume ambayo mwaka 2026 yangekuwa na umri wa miaka mitatu na minne, umri wa pembe nzuri, ndiyo yaliyopungua katika maeneo hayo. Jedwali la droo halionyeshi hilo. Soma ripoti ya kundi: idadi ya madume na watoto kwa kila majike 100, na kama kundi liko chini ya lengo la idara. Kama watoto ni wachache kwa miaka miwili mfululizo, tunza pointi zako na uombe kwingine.

Montana hutumia pointi zinazozidishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo aliye na pointi 3 anahesabiwa 9, lakini hata asiye nazo ana nafasi. Wasio wakazi hupata leseni zisizozidi asilimia 10. Wanaowinda kwa upinde waangalie leseni ya 900-20, ambayo inatumika katika sehemu kubwa ya jimbo. Msimu wa bunduki huanza Oktoba, na mashamba ya mpango wa Block Management, ambayo wenyewe huwafungulia wawindaji, huwasaidia wasio na mwenyeji. Arizona inamtaka asiye mkazi anunue leseni ya uwindaji ya dola 160 kabla ya kuingia droo, na New Mexico huwaachia wasio wakazi wasio na kiongozi asilimia 6 tu. Majimbo hayo mawili tunayaona ni ya wenye subira ya miaka mingi, wala hatuyashauri kwa anayetaka kuwinda karibuni.

Ndugu zetu wa Greeley na Fort Morgan wana bahati ya kuwa wakazi wa Colorado, ambako ukazi hutimia kwa miezi sita mfululizo. Waombe nyumbani kwanza. Pawnee National Grassland iko karibu nao, ila humo ardhi ya umma imechanganyika na ya binafsi kila baada ya maili moja au mbili, na yote niliyosema juu ya ramani yanahusu huko pia.

Cheti cha mafunzo ya uwindaji kisicheleweshwe. Wyoming inakidai kwa aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1966, na Colorado kuanzia Januari 1, 1949. Cheti cha jimbo jingine kinakubalika. Aliye Marekani kwa viza ya muda asishike bunduki wala risasi kabla ya kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, kwa kuwa sheria ya shirikisho inamruhusu kwa msingi huo. Ambaye hadhi yake ya uhamiaji imekwisha, leseni haimsaidii. Amwone mwanasheria kabla ya kuomba.

Kwa Waislamu wetu, bismillahi ni wakati wa kufyatua, na mnyama akikutwa hai achinjwe palepale. Chagueni tarehe zenye baridi. Nyama ya pronghoni huharibika haraka kwenye joto la Agosti na mwanzo wa Septemba, hivyo chuneni mara moja na barafu iwe tayari garini, si mjini.

Kikao cha ramani kitafanyika Machi. Kila anayekusudia kuomba aje na vitalu vitatu, idadi ya pointi zake, na kwa kila kitalu atuonyeshe barabara ya umma atakayoingilia na sehemu ya pili ya kwenda iwapo ya kwanza imejaa watu. Majina ya wanaoomba kwa kundi yamfikie katibu kabla ya mwisho wa Aprili.

Mwenyekiti