Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Madalali wa Bima

Wanachama wenzangu,

Hesabu za mwaka mnazo kutoka kwa mweka hazina, na kumbukumbu za vikao katibu ameshazigawa. Sizirudii. Nataka tuzungumzie jambo moja lililotuletea malalamiko mengi kuliko yote: ushauri wa jumla.

Na mimi nimo kati ya waliolalamikiwa. Mteja alinipigia simu nikiwa safarini: "Ukuta wangu ukianguka kwa mvua, bima inalipa?" Nikamjibu, "Kwa kawaida inalipa." Kwangu hilo lilikuwa jibu la jumla; kwake ilikuwa ahadi. Ukuta ukaanguka kweli. Hati yake ilikuwa na kifungu kinachoondoa kuta za uzio, dai likakataliwa, naye hakwenda kugombana na kampuni ya bima. Alikuja kwangu, na alikuwa na haki.

Ushauri wa jumla una kazi yake. Tofauti ya bima kubwa ya gari na ile ya mtu wa tatu, au maana ya kile kiasi ambacho mteja hubeba mwenyewe kabla ya kulipwa, hayo unaweza kumweleza yeyote. Shida huanza mteja anapotamka "yangu": nyumba yangu, biashara yangu. Hapo swali limeshaacha kuwa la jumla, hata ukianza jibu lako na "kwa kawaida". Ama ufungue hati yake, ama umwambie wazi kwamba hujaiangalia.

Kauli inayonitia hofu zaidi ni "kata bima ya kiasi unachomudu". Tunaisema kwa huruma. Lakini chukua mali ya milioni 100 iliyokatiwa bima ya milioni 60, kisha moto uteketeze ya milioni 30. Penye kifungu cha uwiano mteja hapati 30, anapata 18, kwa kuwa alilipia sehemu sita tu kati ya kumi. Hayo huyasikia kwa mara ya kwanza siku anapodai, akiwa bado ananuka moshi.

Tunapenda pia kuwakumbusha wateja wasifiche kitu kwenye fomu, na mizizi ya wajibu huo tunaipeleka kwenye kesi ya Uingereza ya Carter na Boehm ya mwaka 1766. Tunachosahau ni kwamba Jaji Mansfield aliufunga wajibu huo kwa pande zote mbili, na aliyeshindwa siku ile alikuwa mtoa bima. Basi na sisi tusifiche. Mteja ajue kwamba tunamwakilisha yeye ilhali kamisheni mara nyingi hutoka kwa kampuni.

Kamati inapendekeza kila mazungumzo ya simu yafuatwe na ujumbe wa mistari mitatu: mteja aliuliza nini, nilijibu nini, na nini sijakiangalia. Wapo waliosema tutageuka makarani. Mimi ningekuwa na mistari hiyo mitatu, ule ukuta ungenipotezea nusu saa. Ulinipotezea mteja wa miaka mingi.

Azimio litapigiwa kura mchana. Anayelipinga aje na njia nyingine mkononi.

Mwenyekiti