Wanaosomea upasuaji wasisome kila mtu kivyake

Ndugu Mhariri,

Mi ni nesi wodi ya upasuaji huku Kigoma, naomba kanafasi. Tuna madaktari wawili wanajiandaa na mtihani wa COSECSA (chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini), ule wa MCS, yaani wa kuingia uanachama wa chuo hicho baada ya miaka 2 ya mafunzo, na jamani wanahangaika. Juzi usiku nimewakuta chumba cha chai, mmoja kajifanya mtahini, kanuna kabisa, anamuuliza mwenzie mgonjwa kaja tumbo limekaza kama ubao unaanza na nini, mwenzie anajibu huku anafunga mafundo ya uzi kwenye mguu wa kiti kwa mkono mmoja, akakimbilia kusema tunapasua, oksijeni na dripu kasahau, akarudishwa mwanzo! Nilicheka ila na mimi nilijifunza.

Shida ni bando. Wenzao wa Tabora na Mwanza wanakutana nao WhatsApp saa 4 usiku, video inakwamakwama, na hela wanatoa mfukoni. Wapewe basi intaneti na chumba, na waliokwishafaulu wawe wanaingia hata nusu saa kuwabana maswali, hilo nalo linataka bajeti ya wizara kweli? Na wiki ya mtihani wapunguziwe zamu za usiku.

Nesi wa zamu, Kigoma