YAH: Malalamiko kuhusu ruta iliyozimishwa na faili mlilonitumia wenyewe, na madai ya kunilipisha ruta mpya

Chumbageni, Tanga
24 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Tanga.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya faiba ya nyumbani tangu Agosti 2023, na ruta ninayoilalamikia nilikabidhiwa na fundi wenu siku ile ile ya kufungiwa huduma, ikiwa na nembo yenu juu na karatasi ya mtengenezaji chini. Ninaandika kwa sababu tarehe 18 Machi, mbele ya kaunta yenu, niliambiwa kwamba ruta hiyo imekufa, kwamba nimeiua mimi kwa "kuichezea programu", na kwamba nikitaka huduma irudi nilipe shilingi 85,000 za ruta nyingine. Sikubaliani na hata moja kati ya hayo matatu. Naomba mnivumilie nieleze jambo hili tangu mwanzo, kwa kuwa kila nilipojaribu kulieleza kwa simu nilikatishwa kabla sijafika katikati.

Tatizo lilianza Jumatatu tarehe 10 Machi. Niliamka kwa ajili ya daku nikakuta ruta inajizima na kujiwasha yenyewe kila baada ya dakika nne au tano. Umeme haukuwa umekatika, na hata ungekatika, ruta yangu imechomekwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba, pamoja na kompyuta, kwa kuwa kazi yangu ni kuwatunzia wenye maduka hesabu zao na ninaifanyia hapa hapa nyumbani. Saa mbili asubuhi nilipiga simu huduma kwa wateja, nikaambiwa nizime, nihesabu hadi thelathini, kisha niwashe. Nilitii. Siku hiyo na iliyofuata nilipiga mara sita, nikapokelewa na wahudumu watano tofauti, na wote watano walinipa dawa hiyo hiyo.

Jioni ya tarehe 11, baada ya kufuturu, nilichomeka waya wa mtandao moja kwa moja kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, nikafungua ukurasa wa mipangilio na kuingia kwenye orodha ya matukio, ambamo ruta huandika kila inachokifanya. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni tarehe. Kila mstari ulikuwa umeandikwa 1 Januari 1970, na saa ilianzia 03:00:00, yaani saa tisa kamili usiku. Nilipiga picha ukurasa huo mara nne, baada ya kila mzunguko wa kujizima, na picha zote nne, ambazo nimeziambatisha, zinaanza na tarehe hiyo na saa hiyo.

Mafundi wenu watafahamu maana yake mara moja, lakini kwa kuwa barua hii huenda ikasomwa na wasio mafundi, nitaieleza. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kutunzia saa. Zikizimwa husahau, na zikiwashwa huanza kuhesabu kutoka mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich, ambao kwetu sisi tulio saa tatu mbele husomeka saa tisa usiku. Baada ya hapo ruta huiuliza seva ya saa kwenye intaneti ni saa ngapi, na kujirekebisha. Seva ya saa mliyoiandika ninyi kwenye ruta yangu haikuwa inajibu, na orodha ya matukio inalisema hilo wazi katika kila mzunguko. Na kwenye mipangilio hiyo hiyo mmeipangia ruta itafute sasisho la programu dhibiti, yaani programu inayoiendesha ruta yenyewe, kati ya saa tisa na saa kumi usiku, muda ambao mteja anadhaniwa amelala.

Yaliyofuata ni haya. Ruta ikiwaka inadhani ni saa tisa usiku, kwa hiyo inakimbilia sasisho. Inafika kwenye seva yenu na kuonyeshwa cheti cha usalama, ambacho huthibitisha kuwa seva ni yenu kweli na huwa na tarehe ya kuanza kutumika, inakikataa, kwa kuwa kwa hesabu yake bado miaka zaidi ya hamsini kabla cheti hicho hakijaanza kutumika. Inajaribu mara tatu, inashindwa, inajizima ili ianze upya, na ikiwaka tena ni saa tisa usiku tena. Kila mhudumu aliponiambia nizime niwashe alikuwa anairudisha pale pale ilipojikwaa.

Sikebehi ushauri wa kuzima na kuwasha, maana una asili yake. Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani walipopata hitilafu za ruta kutokana na shambulio lililolenga mlango ule ambao kampuni za simu hutumia kuzisimamia ruta kwa mbali, waliambiwa wachomoe ruta ili zikiwaka zichukue programu mpya iliyokwisha kuandaliwa. Mei 2018, virusi vya VPNFilter vilipogunduliwa katika ruta na vifaa vingine visivyopungua 500,000, FBI ya Marekani nayo iliwasihi watu wazime na kuwasha ruta zao. Ndiyo maana sipingi kusasisha, na ujumbe wenu wa Februari uliosema sasisho hili linaziba mianya ya usalama niliuchukulia kwa uzito. Lakini kule Ujerumani mtu aliyezima na kuwasha alikuta programu nzima inamsubiri. Mimi nilikuwa nazima na kuwasha kifaa kisichojua kuwa mwaka 1970 umepita.

Tarehe 12 Machi asubuhi nilipiga simu ya saba nikaeleza yote hayo. Niliomba jambo moja tu, kwamba mbadilishe anwani ya seva ya saa, ama kwa mbali kama mnavyoweza, ama mnifungulie sehemu hiyo niibadilishe mwenyewe, kwa kuwa mmeifunga kwa nywila ya mafundi. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Kijana aliyenipokea alinisikiliza kwa adabu, nami namshukuru kwa hilo, kisha akasema seva ya saa si ya kitengo chake, ila anaweza kunitumia faili la sasisho kwa WhatsApp nilipakie kwa mkono, na tatizo litakwisha.

Faili lilifika saa nne na dakika kumi na mbili. Kabla ya kuligusa niliigeuza ruta, nikafuta vumbi na kusoma karatasi ya chini. Jina la modeli lilikuwa lile lile lililoandikwa kwenye faili, lakini mwishoni mwa karatasi pameandikwa toleo la 1, na mwishoni mwa jina la faili pameandikwa toleo la 2. Watengenezaji wa ruta wana kawaida ya kubadilisha chipu na ukubwa wa kumbukumbu ndani ya kasha lile lile bila kubadilisha jina, na toleo ndilo alama pekee inayomwonyesha mtu tofauti hiyo. Basi nikamwandikia: "Ruta yangu chini imeandikwa toleo la 1, faili limeandikwa toleo la 2. Je, niendelee?" Nikaambatisha picha ya karatasi. Jibu lake lilikuja baada ya dakika tatu: "Mama hilo halina shida, toleo la pili linaingia kote, endelea tu." Naomba mlisome jibu hilo mara mbili, kwa sababu ndilo kiini cha barua hii.

Niliendelea. Nilitumia waya badala ya Wi-Fi, nikahakikisha UPS imejaa chaji, na sikugusa kitu hadi mstari wa maendeleo ulipofika asilimia 100. Ukurasa uliandika kwamba faili limekubaliwa, jambo linalonifanya niamini kuwa ruta hukagua jina la modeli bila kuangalia toleo. Ikajizima. Ilipowaka, taa ya umeme ilikuwa nyekundu, inapepesa, na jina la Wi-Fi halikuonekana tena kwenye simu yoyote humu ndani. Nikamwandikia kijana yule. Alama mbili za bluu zilitokea, jibu halikuja hadi leo.

Mtoto wa kaka yangu ni fundi wa simu pale sokoni Ngamiani. Alikuja baada ya tarawehe, akaipa kompyuta anwani ya kudumu, akaanza kuiita ruta kwa waya aone kama itajibu, huku akiizima na kuiwasha. Kila ilipowashwa ilijibu kwa sekunde kama saba, kisha ikanyamaza, kisha ikajibu tena. "Shangazi," akasema, "hii haijafa, imezimia." Maana yake ni kwamba ile programu ndogo inayoiamsha ruta kabla ya programu dhibiti ingali hai, na ndani ya sekunde hizo saba inaweza kupokea faili zima kupitia waya, mtu akibonyeza kitufe cha kuweka upya wakati wa kuwasha. Kinachokosekana ni faili la toleo la 1 lenye mipangilio yenu. La mtengenezaji halitoshi, kwa kuwa ruta za mtandao wenu zina programu mliyoirekebisha wenyewe, na bila marekebisho hayo faiba yenu haiwezi kuitambua.

Tarehe 18 nilikuja ofisini kwenu na ruta ndani ya mfuko, nikapanga foleni tangu saa tatu hadi saa tano na nusu, nikaomba faili hilo au fundi wa kulipakia. Dada wa kaunta aliiwasha, akaitazama taa nyekundu, akaandika kwenye fomu "mteja amebadilisha programu, dhamana imefutwa", na akanitaka nisaini. Sikusaini. Nilipomwonyesha mazungumzo ya WhatsApp alisema namba hiyo ni ya kitengo kingine. Nilipomwomba faili la toleo la 1 alisema programu za ruta ni siri ya kampuni na hazitolewi kwa wateja. Yaani lile lisilo sahihi nililetewa kwa WhatsApp bila hata kuliomba, na lililo sahihi ndilo limekuwa siri.

Hasara yangu ni ya kawaida na inahesabika. Ritani za VAT huwasilishwa kabla ya tarehe 20 kupita, na mwezi huu nilikuwa na wateja kumi na mmoja wanaonitegemea. Niliwasilisha zote kwa wakati kwa kutumia simu, na vifurushi vya kazi hiyo tangu tarehe 10 hadi 20 vimenigharimu shilingi 38,000, ambazo risiti zake zimo humu. Ada yenu ya mwezi nilikuwa nimeshailipa tarehe 1.

Kwa hiyo naomba ruta hii iamshwe na fundi wenu kwa faili la toleo la 1, au nipewe nyingine ya aina hiyo, bila malipo kwa vyovyote vile. Naomba neno "dhamana imefutwa" liondolewe kwenye kumbukumbu zangu kwa maandishi, kwa sababu aliyebadilisha programu alifanya hivyo kwa faili lenu, kwa maelekezo yenu, na baada ya kuuliza. Naomba ada ya siku ambazo sina huduma, kuanzia tarehe 10 hadi itakaporudi, ihamishiwe mwezi ujao, pamoja na hizo shilingi 38,000. Siombi kijana yule aadhibiwe. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba toleo ni kitu cha kuuliza, na hilo ni lenu ninyi, si lake. Ila mrekebishe seva ya saa leo hii, kwa sababu sidhani kama ni ruta yangu peke yake inayoamini kuwa ni saa tisa usiku, na kila mteja mwingine mwenye tatizo hili atapigiwa wimbo ule ule wa zima uwashe na mwishoni kutumiwa faili lile lile.

Nimesoma kwamba mteja anatakiwa kuanza kwa mtoa huduma wake kabla ya kupeleka lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na barua hii ndiyo hatua hiyo ya kwanza. Nikifika tarehe 7 Aprili bila jibu la maandishi, nitaipeleka huko pamoja na viambatisho vyote.

Ruta ipo nyumbani, sijaifungua wala kumruhusu mtu mwingine aifungue, na lakiri yenu ya nyuma haijaguswa. Fundi akija aje baada ya saa nane mchana, abebe faili la toleo la 1, na kabla ya kupakia chochote asome kwanza karatasi iliyo chini.

Wenu katika huduma,

Mteja wa faiba ya nyumbani, Chumbageni
(jina, saini na namba ya mkataba vimo kwenye nakala iliyowasilishwa kwa mkono)

Viambatisho: picha nne za orodha ya matukio, picha ya karatasi ya ruta, nakala ya mazungumzo ya WhatsApp ya tarehe 12 Machi, fomu ya tarehe 18 Machi isiyosainiwa, risiti za vifurushi.